Mwanangu kaotesha bangi kihambani, ananiambia dunia imeshahalalisha

Shangazi, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule ya msingi miaka 33, sasa niko nyumbani Kibosho, Moshi, na ng'ombe wangu wawili na migomba. Baba watoto alifariki miaka sita iliyopita. Mkubwa wangu yuko Dar es Salaam na familia yake, wa pili ni binti, ameolewa huko kwenu Arusha. Wa mwisho ndiye ninayekuandikia habari zake. Ana miaka 24, naishi naye hapa, na kazi yake ni upagazi wa watalii Mlima Kilimanjaro.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kukata majani ya ng'ombe kihambani, shamba letu la ukoo linalozunguka nyumba. Upande wa chini, karibu na mfongo, yaani mfereji wa maji, huwa anakata yeye, lakini siku hiyo saa nne asubuhi alikuwa bado amelala, nikaona nishuke mwenyewe. Mundu ukapita kwenye shina gumu, harufu ikapanda. Shangazi, nimefundisha darasa la saba, nimetoa misokoto kwenye soksi za watoto wa watu, harufu ile siikosei. Nikafunua magimbi. Nyuma yake, katikati ya migomba, miche 14, inanipita kiuno, mingine imefungiwa vijiti isilale. Mmoja nilikuwa nimeshaukata. Nilikaa palepale kwenye tope.

Nilipomwamsha hakukana. Alisema masika hakuna wageni, tangu Aprili hajapanda mlima hata safari moja, na kuna mtu wa mjini amemwahidi kuchukua mzigo wote ukikauka. Nikamwambia atatufunga sote. Akacheka, akatoa simu. Akanionyesha Canada inauzwa dukani na risiti, akanionyesha Afrika Kusini, Ujerumani. Anasema mgeni aliyembebea mzigo mwaka jana alimwambia kwao ana miche yake dirishani, polisi akipita wanasalimiana. "Mama, vita vya dawa za kulevya walitangaza Wamarekani, na Wamarekani wenyewe wameshachoka. Tumebaki sisi." Anajieleza vizuri, Kiswahili nilimfundisha mwenyewe.

Halafu akasema ni dawa. Nina presha, na magoti yananisumbua. Jioni huwa ananipikia chai ya mchaichai. Nikashtuka, nikamuuliza kama ameshanitilia. Ameapa hajatia, ila angependa nijaribu.

Nilimweleza baba yake mdogo, maana ndiye mwanaume wa karibu. Yeye anataka kikao cha ukoo wiki hii hii na taarifa polisi, kijana apate fundisho. Anasema kihamba hakiachiwi mvuta bangi. Kwa mila zetu wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kaka yake wa Dar sijamwambia, ana hasira za karibu.

Kijana si mwizi na hajawahi kunivunjia heshima. Ila tangu mvua zianze amebadilika. Usiku halali, anazunguka nje. Mara mbili ameniambia vijana wa kijiweni wanamsema akipita, na kwamba kuna mtu anamfuata njia ya sokoni. Mjomba wake, kaka yangu wa damu, alianza hivyohivyo ujanani hadi akalazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, lakini huyo hakuwahi kuvuta. Labda ni mawazo tu ya kukosa kazi.

Juzi nimefungua mlango nikakuta jani la isale, lile la kuombea msamaha kwetu Wachaga, kizingitini. Hajasema neno. Miche bado ipo.

Nauliza. Ni kweli dunia imehalalisha, sisi ndio tumebaki? Nimpeleke polisi mtoto wangu? Na nikinyamaza, mbele ya sheria mimi ni nani?

Mwalimu Mstaafu, Kibosho


Mwalimu, shikamoo.

Unaniita Shangazi na umri wako ungeweza kunifundisha a, e, i, o, u. Basi nikisema jambo kwa ukali, ni uzito wa jambo, si utovu wa adabu.

Mwanao hakukudanganya, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujarudi kukaa naye. Uruguay ilihalalisha bangi mwaka 2013. Jimbo la Colorado kule Marekani lilianza kuiuza madukani Januari 2014, na majimbo mengi yakafuata. Canada ilihalalisha nchi nzima Oktoba 2018. Hata habari ya vita ni kweli: mwaka 1971 Rais Nixon aliyatangaza matumizi ya dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa Marekani. Zaidi ya nusu karne imepita, dawa bado zipo, na walioozea magerezani wengi wao ni watu wadogo. Ukimwambia kijana wako kwamba hayo ni uongo wa mtandaoni, umeshapoteza mjadala dakika ya kwanza.

Ila amesoma nusu ya ukurasa. Huko huko Canada, anayeuza bangi bila leseni anaweza kufungwa hadi miaka 14. Sheria ya nchi inaruhusu miche minne kwa nyumba, ya matumizi ya mwenyewe. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kulima na kuvuta faraghani kwake, lakini kuuza kukabaki kosa. Ujerumani wameruhusu tangu Aprili 2024, mtu mzima ana miche 3 nyumbani kwake na hana ruhusa ya kumuuzia jirani. Thailand waliifungulia mwaka 2022, maduka yakaota kama uyoga, na mwaka 2025 serikali ikarudi nyuma, ikataka cheti cha daktari. Kwa hiyo ule mzigo alioahidiwa mtu wa mjini ungekuwa kosa Toronto, ungekuwa kosa Berlin, ungekuwa kosa Johannesburg. Muulize hilo taratibu, kama ulivyokuwa ukimwita mwanafunzi ubaoni akamalizie hesabu aliyoianza mwenyewe.

Hapa kwetu Afrika, Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, na Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020. Hizo ni leseni, ukaguzi na wanunuzi wa nje. Si miche nyuma ya magimbi. Kenya, mgombea urais mwaka 2022, Wajackoyah, alizunguka nchi nzima akiahidi kulipa madeni ya taifa kwa bangi. Hapa Arusha tulicheka sana vijiweni. Hakufikisha asilimia 1 ya kura.

Na kama kijana anataka mfano wa karibu zaidi wa sheria zinavyopishana, amtazame mtu anayevuka mpaka wa Namanga. Upande wa Kenya mirungi inauzwa mezani mchana kweupe. Ukipiga hatua chache kuja kwetu na kifungu kilekile mkononi, umebeba dawa za kulevya, na huko Same watu wanafyekewa mashamba yao kwa sababu hiyo. Jani ni lilelile. Lakini kihamba chako, Mwalimu, kiko upande huu wa mpaka.

Hukuniuliza maoni yangu kuhusu sheria yenyewe, nitayasema kwa sababu kijana atakuuliza. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi za ustawi wa jamii, na nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama kuliko nilivyopenda. Kuna kijana mmoja simsahau. Viatu bila kamba, misokoto miwili ndani ya bahasha mezani kwa karani, mama yake nje ameshika chupa ya uji ambayo hakuna aliyemruhusu kuiingiza. Hakuna aliyemuuliza aliinunua kwa nani. Miaka yote ile sikuwahi kuona tajiri kwenye lile benchi. Na huku Arumeru, Kisimiri, maofisa wanapanda mlima, wanafyeka ekari na ekari na kuteketeza, mwaka mwingine wanarudi tena. Mkulima wa huko anajulikana kwa jina mpaka na mwenyekiti wa kitongoji. Anayeleta gari usiku kununua, huyo hana jina.

Ningependa tufanye kama Ureno. Tangu mwaka 2001, mtu akikutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe haendi mahakamani kama mhalifu, anapelekwa mbele ya jopo linalomwangalia kama mtu mwenye shida. Muuzaji bado ni mhalifu. Maduka mimi siyataki, maana duka linahitaji mteja, na mteja mzuri kuliko wote ni yule anayevuta kila siku. Hayo ni maoni yangu, si sheria.

Sheria tuliyonayo ni ile ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kulima bangi ni kosa lenyewe, hata kama hujauza jani moja, na watu wameshafungwa miaka 30 kwa shamba la bangi. Sheria hiyo inamgusa pia mwenye eneo anayeliacha litumike huku akijua. Neno zito hapo ni "akijua". Wiki tatu zilizopita, kabla mundu haujapita pale, hukuwa unajua. Sasa unajua, mimi najua, na shemeji yako anajua. Kila siku ambayo miche inalala pale, nawe unahesabiwa. Kabla ya kwenda kituo chochote au kuongea na kiongozi yeyote, mtafute wakili au msaidizi wa kisheria, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi.

Kumpeleka polisi ili apate fundisho, hapana. Wewe umefundisha, unajua fundisho lina mwisho na mtoto anarudi darasani. Hili linaweza kumrudisha akiwa na miaka hamsini na kitu.

Shemeji yako naye ana haraka inayonipa shida. Labda uchungu wake ni wa kweli, simjui. Lakini nimeona kwamba sentensi yake ya kwanza ni polisi na ya pili ni kihamba. Kijana akiwa ndani miaka 30, nyumba ya wazazi inabaki na nani? Kikao cha ukoo kitakuja, hamkikwepi, ila kisiitishwe wiki hii na ajenda isiwe urithi. Mwambie kwa upole kwamba kwanza unashughulikia afya ya mtoto. Na hapo hutakuwa unadanganya.

Maana kuna mistari michache uliyoiandika haraka-haraka, ukaifunga na "labda ni mawazo tu". Kwangu mimi ndiyo barua yenyewe. Halali usiku. Anasikia wanamsema. Kuna mtu anamfuata njia ya sokoni. Mjomba wake alilazwa Mirembe.

Madaktari wa akili wanajua kwa muda mrefu kwamba bangi na ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia vinaandamana. Si kwa kila mvutaji. Wengi huvuta, hucheka, hula wali wote uliobaki, wakalala. Hatari inapanda kwa aliyeanza akiwa mdogo, anayevuta kila siku, anayevuta ile kali, na kwa mtu ambaye kwenye damu yao kuna aliyeugua. Unasema kaka yako hakuwahi kuvuta, kana kwamba hilo linaitoa bangi kwenye kesi. Mimi nalisoma kinyume. Kaka yako aliugua bila hata kuchokozwa. Mwanao ana damu hiyohiyo, na akivuta anaichokoza, katika umri uleule ambao maradhi haya hupenda kujitokeza.

Kwa hiyo mjadala wa Canada, hata angeushinda, haumhusu. Kule inakouzwa na risiti, daktari akisikia habari ya mjomba angemwambia asiiguse. Mwambie hivyo, na umweleze habari za mjomba wake kwa urefu, zile ambazo nyumba nyingi huwaficha watoto. Ilianzaje, alisema nini siku za mwanzo, mlimpeleka lini. Nadhani hajui. Mtoto wa miaka 24 anayejua kupekua sheria za Ujerumani ana haki ya kujua ya nyumbani kwao.

Akikwambia tena kuna mtu anamfuata, usibishane naye kwamba hayupo, wala usimkubalie kwamba yupo. Muulize tu kama anaogopa, na tangu lini. Kisha mwende pamoja hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi, muulizie kitengo cha afya ya akili. Mkifika, semeni yote na bangi ikiwemo, daktari anaihitaji habari hiyo ili ajue anatibu nini. Mtu asikwambie atapewa methadoni. Hiyo ni ya waliozama kwenye heroini, bangi haina dawa ya namna hiyo. Akiacha kuvuta, wiki ya kwanza itakuwa ngumu: usingizi haupo, chakula hakipandi, hasira za bure, ndoto za ajabu, jasho. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili tatu. Kinachotakiwa kukushtua ni ile hofu ya watu ikibaki au ikizidi hata baada ya kuacha. Na akianza kusikia sauti, au kusema atajidhuru au atamdhuru mtu, usingoje siku ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo. Maombi endelea nayo, lakini asifungwe kamba na asianzie kwa mganga. Kwa maradhi haya, miezi ya mwanzo ikipotea huwa ghali sana.

Kuhusu magoti yako: kuna dawa ya kweli iliyotokana na mmea huo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa, hasa cha watoto. Imechujwa, imepimwa, iko kwenye chupa. Majani ya kuchemshwa jikoni huwezi kujua umekunywa kiasi gani, na yanaweza kukimbiza mapigo ya moyo. Kwa mtu wa presha si mchezo. Kwa sasa mchaichai pika mwenyewe.

Isale. Mimi si Mchaga, nimeelezwa tu kwamba akikuletea mtu jani hilo, kukataa kusamehe ni vigumu. Lipokee. Ila ameleta isale na miche kaiacha imesimama, na sidhani kama ni ujeuri. Nadhani anaogopa mtu wa tatu. Muulize swali ambalo hukuliandika: huyo mtu wa mjini ameshampa hela? Kama amepokea ya kutangulia, hata shilingi elfu hamsini, hawezi kung'oa, na huyo mtu atakuja kudai mzigo hapo hapo nyumbani kwako. Na hapo ndipo ile hofu ya njia ya sokoni inaweza kuwa nusu ugonjwa na nusu kweli, jambo ambalo daktari naye anahitaji kulijua.

Basi shukeni wote wawili alfajiri, jembe ashike yeye, ang'oe na mizizi. Msichome, moshi wake utaita kitongoji kizima. Ng'ombe wasipewe.

Halafu, miche ikishatoka, na si kabla, mpigie mkubwa wako Dar. Usimweleze ili apande basi aje kumpiga mdogo wake. Mwambie unahitaji mambo mawili: fedha ya kumrudishia huyo mtu kama ipo, na mtu wa kuongozana nanyi Mawenzi, maana wageni wanarudi mlimani Juni, na kijana atataka kupanda na kilo zake 20 mgongoni kabla daktari hajamwona.